FEDHA ZA NYUMBA ZINA WENYEWE WAWILI



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya uaminifu, sala ya jamaa na malezi ya watoto. Leo nawaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia kanisani isipokuwa wakati wa sadaka, yaani fedha. Tena si fedha za matajiri, bali zile shilingi chache zinazoingia katika nyumba ya Mkristo wa kawaida na kutoka kabla hazijaketi.

Sisi makatekista tunapowaandaa wachumba kwa sakramenti ya ndoa, tunawauliza maswali mengi. Je, mmekuja kwa hiari yenu? Je, mko tayari kuwapokea watoto ambao Mungu atawajalia? Hayo huyajibu kwa sauti kubwa. Lakini ukiwauliza, "Mshahara ukifika, mtaamua vipi utumike?" wanatazamana na kucheka. Wanaliona ni swali dogo. Baada ya miaka 3 au 4 baadhi yao wanarudi wakiwa hawasemezani, na ukiwasikiliza kwa subira unakuta chanzo si mwanamke wa nje wala mwanamume wa nje. Chanzo ni swali lililoulizwa jioni moja likakosa jibu: "Pesa zilienda wapi?"

BONASI INAPOINGIA

Nitachukua mfano ulio karibu na sisi tunaoishi sehemu za majani chai, kuanzia Kericho na Kisii hadi Murang'a, Nyeri na Meru. Mkulima mdogo anayepeleka majani yake katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hulipwa kila mwezi kwa kila kilo. Kisha mwaka wa hesabu ukifungwa mwisho wa Juni, kuna malipo ya pili, ambayo sote tunayaita bonasi. Kwa kawaida hufika Septemba au Oktoba.

Kila mtu anaijua miezi hiyo. Masokoni viti vya sofa vinapangwa kandokando ya barabara vikiwa bado na nailoni. Wauza suti, wauza blanketi na wauza redio kubwa wanafika kutoka mbali. Nyama choma haikauki moto, na vilabu vinajaa mchana. Hakuna ubaya katika biashara, na mtu aliyeamka alfajiri mwaka mzima akachuma chai kwenye umande na baridi anastahili kufurahi. Lakini tuhesabu miezi. Kutoka Oktoba hadi Januari ni miezi mitatu tu, na Januari shule zinafunguliwa. Ndiyo maana vijana wetu wameubatiza mwezi huo jina la Njaanuari. Si kwamba Mungu ameuumba mwezi wa njaa. Ni sisi tulioila Januari mwezi wa Oktoba.

Nimeona nyumba ambamo sofa mpya imefika sebuleni, na Januari mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo amekaa juu yake saa nne asubuhi, wakati wenzake wako darasani. Wazazi wote wawili wanampenda mtoto huyo. Ukiwauliza kama wanathamini sofa kuliko masomo, watakukasirikia, na wana haki. Hawakuchagua sofa badala ya shule. Walichofanya ni kutochagua kabisa, na pesa ikajichagulia njia yenyewe.

Ninyi mnaopata mshahara msidhani kwamba hamhusiki. Kwenu bonasi ni ndogo lakini inakuja kila mwisho wa mwezi. Na ninyi wa jua kali, wa bodaboda na wa kibanda cha mboga, kwenu inakuja kila jioni. Jaribu ni lile lile.

ESAU ALIUZA NINI?

Tufungue Kitabu cha Mwanzo, sura ya 25, kuanzia aya ya 29. Esau anatoka porini akiwa amechoka hoi. Ndugu yake Yakobo anapika mchuzi wa dengu. Esau anaomba apewe chakula kile chekundu, na Yakobo anataka bei yake: haki ya mzaliwa wa kwanza. Esau anajiona kama mtu aliye karibu kufa, anaapa, anakula, anakunywa, anaondoka zake. Mambo yanakwisha kwa muda wa sahani moja.

Wengi wetu tukisoma habari hii tunamcheka Esau. Tusimcheke, kwa maana ndiye mtu wa kwanza katika Maandiko kununua kwa pupa, na sisi ni wajukuu wake. Tazameni mambo matatu yaliyompata. Kwanza, alikuwa amechoka na ana njaa, na mtu wa namna hiyo hana nguvu ya kupima jambo. Pili, kitu kilikuwa mbele ya macho yake, kinanukia, na haki ya mzaliwa wa kwanza haikuonekana wala haikunukia. Tatu, hapakuwa na mtu wa kumshika bega na kumwambia, "Ngoja kwanza."

Mfanyabiashara mjanja anaijua saa ya njaa yako. Ndiyo sababu anafika siku ya bonasi, siyo majuma mawili baadaye. Anakuambia bei hii ni ya leo peke yake, nawe unaona kwamba usipoichukua sasa hivi utakufa. Lakini hufi. Ukienda nyumbani, ukala, ukalala, asubuhi nusu ya yale uliyoyataka jana umeshayasahau.

Na haki ya mzaliwa wa kwanza katika nyumba zetu ni nini? Ni karo ya mtoto. Ni dawa ya mgonjwa. Ni mbolea ya shamba. Ni paa lisilovuja. Ni usingizi wa mume na mke wasio na deni. Hayo yote hayanukii, kwa hiyo yanauzwa kwa urahisi.

CHOVYA CHOVYA YAMALIZA BUYU LA ASALI

Kuna wale watakaosema, "Katekista, mimi sinunui sofa, wala sinywi pombe." Vizuri sana. Sasa tuhesabu vile vidogo. Soda na mandazi kituoni, data ya simu isiyopangwa, leso iliyopita mkononi mwa mchuuzi, safari ya bodaboda mahali pa kutembea dakika kumi. Tuseme ni shilingi 150 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 4,500. Kwa miezi 12 ni shilingi 54,000. Hakuna siku hata moja katika mwaka huo ambayo ulijiona umefuja mali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Zamani pesa ilikuwa na uzito. Baba aliitoa mfukoni, noti ikatoka, akaiona ikienda. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, imetusaidia sana: mtoto aliye mbali anatumiwa nauli kwa dakika moja, na mama hana haja ya kufunga noti kwenye pembe ya leso. Tumshukuru Mungu kwa akili aliyowapa wanadamu. Lakini pesa ya simuni haina uzito mkononi, na kidole hakisikii uchungu kama mfuko.

Tena simu hiyo hiyo sasa inakopesha. Mwaka 2019 ililetwa huduma ya Fuliza, ya kumwezesha mtu kulipa hata pale salio halitoshi. Ni msaada wakati wa dharura ya kweli. Ila neno lenyewe ni la Kiswahili safi na linatuonya: kufuliza ni kuendelea kufanya jambo bila kukoma. Mtu anaanza kwa unga wa siku moja, na mara anaishi hivyo. Pesa ikiingia, deni linaimeza kabla hajaiona, kwa hiyo anakopa tena jioni.

Chukueni mfano wa mkopo wowote wa simu wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi. Ukikopa shilingi 1,000 utarudisha 1,075, na shilingi 75 haimtishi mtu. Lakini ukirudia kukopa kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa ada ya shilingi 900, na mfukoni mwako huna chochote zaidi ya ile 1,000 uliyoanza nayo. Umenunua mfuko wa unga mara mbili, na wa pili hukuula. Mithali sura ya 22 inatufundisha kwamba anayekopa anakuwa mtumwa wa anayemkopesha. Siku hizi bwana huyo hata sura hana.

Kuhusu kamari za simuni sitasema mengi. Mtu akicheza fedha za nyumba, anacheza na sahani za watoto. Na aliyejaribu kuacha akashindwa, asijifiche. Amwambie mwenzake, amwendee padre, atafute mshauri. Huo ni ugonjwa unaohitaji msaada, na kuficha ndiko kunakoulisha.

TUNANUNUA ILI TUPONE NINI?

Ndugu zangu, kiasi ni mojawapo ya zile fadhila nne tulizojifunza katika katekisimu: busara, haki, nguvu na kiasi. Mtakatifu Paulo anaihesabu pia kati ya matunda ya Roho Mtakatifu katika Wagalatia sura ya 5. Kwa hiyo kujizuia kununua si ubahili. Ni sala inayofanywa kwa mkono. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alionya kwamba soko linatusukuma kununua tusivyohitaji, na kwamba kadiri moyo wa mtu unavyokuwa mtupu ndivyo anavyohitaji vitu vingi vya kununua na kumiliki.

Maneno hayo ya moyo mtupu tuyaangalie vizuri, kwa maana hapa ndipo matumizi ya pupa yanapoigusa ndoa. Mara nyingi mtu hanunui kitu. Ananunua dawa ya maumivu. Mume anayeona hasikilizwi nyumbani anawanunulia watu kumi kilabuni, kwa sababu pale anaitwa mheshimiwa. Mke aliyesahauliwa siku nyingi anajinunulia nguo tatu ambazo hatazivaa, kwa sababu muuzaji alimwambia amependeza, na mtu mwingine hajamwambia hivyo tangu Pasaka. Wengine wananunua kwa kulipiza: "Yeye alinunua simu bila kuniuliza, nami nitaleta kabati bila kumuuliza." Hapo nyumba imekuwa uwanja wa vita, na karo ndiyo majani yanayoumia fahali wawili wakipigana.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mwenzako kwa kile alichonunua, jiulize alikuwa anatafuta nini. Pengine neno moja jema lingeokoa shilingi elfu tano.

SUMU IKO KATIKA SIRI

Sasa nifike kwenye kiini cha fundisho la leo. Fedha inayotumiwa kwa pupa karibu kila mara hutumiwa na mtu mmoja. Fedha inayosubiri hutumiwa na wawili. Shikeni hilo, na mengine yote nitakayosema yatafuata.

Siku ya harusi hamkuahidi kugawana kitanda peke yake. Mlifanywa mwili mmoja, na mwili mmoja una tumbo moja. Mkono wa kuume ukificha chakula, mkono wa kushoto haushibi. Serikali yetu imeliona jambo hili kwa upande wake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka mume na mke wote wawili wakubali kabla mali ya ndoa haijauzwa au kuwekwa rehani. Ni sheria nzuri, na imeokoa mashamba. Lakini hakuna sheria ya Bunge itakayokuzuia kuficha risiti ya shilingi elfu mbili chini ya godoro. Hapo inabaki ahadi uliyoitoa mbele ya altare.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 5 tunasoma habari za Anania na mkewe Safira. Waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya bei, wakaileta iliyobaki kana kwamba ni yote. Petro alimweleza Anania wazi kwamba mali ilikuwa yake, na hata baada ya kuuza fedha ilikuwa mikononi mwake. Kosa halikuwa kubaki na pesa. Kosa lilikuwa uongo. Basi kama uongo ule mbele ya jumuiya ulileta kifo, uongo kati ya mume na mke unaua nini? Unaua imani. Anayegundua mkopo wa siri wa simu ya mwenzake haulizi tu juu ya mkopo ule. Usiku ule anajiuliza, "Ni nini kingine nisichokijua?"

Hapa niseme jambo ambalo huenda likawashangaza baadhi. Hata harambee ya kanisa inaweza kuwa pupa. Mume anapewa kipaza sauti, watu wanapiga makofi, anaahidi shilingi elfu ishirini huku mkewe ameketi upande wa pili akijua kwamba nyumbani hakuna hata elfu mbili. Mungu hapendezwi na ahadi iliyomuaibisha mke. Yule mjane wa Injili alitoa senti mbili zilizokuwa zake. Toeni kwa ukarimu, lakini kubalianeni kiasi mkiwa nyumbani, kabla ya kuisikia ngoma. Ndivyo ilivyo pia kwa michango ya harusi na matanga inayotufikia kila juma kwenye makundi ya WhatsApp.

TUJIFUNZE KANA KUSEMA UPUNGUFU

Wengi huniuliza, "Nitaanzaje? Nikitaja pesa tu, moto unawaka." Jibu liko katika harusi ya Kana, Yohane sura ya 2. Divai ilipungua. Aliyeona kwanza alikuwa Mama Maria. Angeweza kumwendea bwana arusi na kumuuliza ni uzembe gani huu, kuwaalika watu wengi hivi bila mpango. Hakufanya hivyo. Aliutaja upungufu kama ulivyo, kwa maneno machache, bila kumtaja mwenye kosa, tena aliutaja mbele ya Yesu.

Nasi tufanye hivyo. Badala ya kusema, "Wewe umemaliza pesa," sema, "Baba watoto, unga hautafika Ijumaa." Badala ya, "Huyu mwanamke ni mfujaji," sema, "Mama watoto, nina wasiwasi juu ya karo ya Januari, tukae tuhesabu." Msiseme mbele ya watoto. Msiseme mkiwa na njaa, wala usiku wa manane. Chagueni jioni moja kila mwezi, baada ya sala na chakula, watoto wakisha lala. Washeni taa, leteni daftari.

SEHEMU YA TANO YA YOSEFU

Bado tuko katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41. Yosefu alimshauri Farao kwamba katika miaka saba ya shibe, sehemu ya tano ya mavuno ya nchi iwekwe akiba. Angalieni hekima yake. Hakungoja njaa ndipo aanze kuweka. Hakuweka mabaki, aliweka kwanza. Na hakuwanyima watu chakula wakati wa shibe, maana sehemu nne katika tano zilibaki kwao.

Tuseme bonasi ya nyumba fulani ni shilingi 80,000. Kabla haijaingia, mume na mke wakae waandike. Sehemu ya tano ni shilingi 16,000, iende moja kwa moja kwenye chama cha akiba na mikopo au benki. Karo na sare za Januari, 32,000. Kulipa deni, 12,000. Shamba na mahitaji ya nyumba, 10,000. Shukrani kwa Mungu na msaada kwa maskini, 4,000. Zimebaki 6,000. Hizo wagawane sawasawa, 3,000 za mume na 3,000 za mke, na hakuna atakayemuuliza mwenzake zimefanya nini. Kila nyumba itaweka hesabu zake, lakini mpango uwe tayari kabla ya pesa kufika. Pesa ikifika nyumbani na kukuta haina kazi, itajitafutia kazi sokoni.

Baada ya hapo, wekeni masharti machache tu ambayo mtaweza kuyashika:

1. Kubalianeni kikomo. Mathalani, kitu chochote kinachozidi shilingi 1,000 hakinunuliwi na mmoja bila kumwambia mwenzake.

2. Kila kitu kikubwa kilale. Cha elfu chache kilale usiku mmoja. Cha makumi elfu kilale juma zima. Kikiamka bado kinahitajika, kinunueni kwa amani. Yule mke hodari wa Mithali sura ya 31 alilipima shamba kwanza, ndipo akalinunua.

3. Msiende sokoni siku ile ile pesa imeingia, na msiende bila orodha.

4. Mkopo wa simu usichukuliwe kwa siri, hata wa shilingi 200. Ulio nao sasa utajeni leo, mpange kuulipa. Dawa ya deni ni kulipa.

5. Andikeni kila kitu kwa miezi mitatu, hata mandazi. Baada ya miezi mitatu daftari lenyewe litawahubiria kuliko mimi.

Wenye kipato cha kila siku wasikate tamaa kwa kuona hesabu ya elfu themanini. Kama jioni imeleta shilingi 500, anza na 50 iende kwenye chama kabla ya kununua mboga. Bwana wetu alipokwisha kuwalisha watu elfu tano aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, visipotee, na vikajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuumba mikate mingine hakuruhusu makombo yatupwe.

NENO KWA KILA MMOJA

Baba, wewe ni kichwa cha nyumba kama Kristo alivyo kichwa cha Kanisa, naye Kristo alijitoa mwenyewe. Hakulinyima Kanisa chumvi. Mume anayejiita mwangalifu huku mkewe anaomba shilingi kumi za kiberiti kama mwombaji barabarani, huyo hatunzi mali, anatawala mtu. Mpango wa fedha usiwe kamba ya kumfungia mwenzako. Mkeo aijue bonasi ni kiasi gani, na aione karatasi ya malipo kwa macho yake.

Mama, nawe fedha ulizopata kwa jasho lako, za kuku, za chama au za mshahara, ni baraka kwa nyumba nzima. Usiseme, "Za baba ni zetu, zangu ni zangu." Ikiwa unaficha kwa sababu umeumizwa, kwa sababu kila ulichoonyesha kilinywewa, sikulaumu kwa kuwalinda watoto. Lakini usibaki peke yako na mzigo huo. Tafuta wasimamizi wenu wa ndoa, tafuta wazee wa jumuiya mnaowaamini, mkae pamoja mlitatue.

Na mmoja wenu akianguka, akarudi nyumbani siku moja na kitu kisichokuwa katika mpango, msivunje daftari. Aseme ukweli jioni ile ile, mwenzake amsikilize, hesabu ipangwe upya. Ndoa haijengwi na watu wasiokosea hesabu. Inajengwa na watu wanaokosea na kuonyeshana daftari.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Je, kila mmoja wetu anajua mapato yote ya nyumba yetu? Kama hapana, tunaogopa nini?

2. Ni kitu gani kilichonunuliwa kwa pupa mwaka huu ambacho sasa hakitumiki? Kilichukua nafasi ya hitaji gani?

3. Kikomo chetu cha kununua bila kuulizana kiwe shilingi ngapi?

4. Watoto wetu wanajifunza nini wanapotuona tukitumia fedha?

TUSALI

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliikabidhi Familia Takatifu ya Nazareti kwa mikono ya fundi seremala, aliyewalisha Yesu na Maria kwa jasho lake. Utujalie sisi wanandoa kiasi katika kutaka, ukweli katika kusema, na subira katika kungoja. Utuondolee siri zinazotutenga na pupa inayotuibia. Utupe leo mkate wetu wa kila siku, na utufundishe kuwabakizia watoto wetu wa kesho. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.